Aliye Karibu na Eksi

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Nilijua kusoma, nikajua kuandika jina langu na la baba yangu, nikajua kujumlisha na kutoa, basi, nikaolewa. Nasema mapema ili mtu asije akadhani najifanya najua mambo ya kidato cha tano. Sijui. Ninachokijua ni mahindi, na ninamjua mjukuu wangu.

Huyu ni mtoto wa mwanangu wa kiume, yule dereva wa malori. Nimemlea hapa Kimamba tangu alipoacha ziwa. Kidato cha nne alifaulu kuliko wasichana wote wa shule yao, na sioni aibu kulisema. Nililisema stesheni, nikalisema gulioni, nikalisema hata msibani, mpaka mwenzangu mmoja akanibinya mkono akaniambia, "Ndugu yangu, ngoja kwanza marehemu azikwe." Akapangiwa shule ya bweni upande wa Mikumi, masomo ya fizikia, kemia na hesabu. Wao wanaita kombi.

Hizo hesabu alizitaka mwenyewe, hakulazimishwa na mtu. Wakati ile reli mpya inapimwa huku kwetu Kilosa, alimwona mwanamke mmoja mwembamba amevaa kofia ngumu na viatu vya kiume, anachungulia kwenye chombo chenye miguu mitatu, huku wanaume wazima wamesimama mbali na fimbo zao wanamsubiri yeye aseme. Akinyoosha mkono kushoto, wanasogea kushoto. Akipunga, wanakaa. Mtoto alirudi nyumbani hana habari ya chakula. Akaniambia, "Bibi, mimi nitakuwa yule." Sikumcheka. Nilimuuliza tu kama yule mwanamke alikuwa na mume, akasema hakuuliza.

Sasa siku aliyorudi kwa likizo fupi nilikuwa nimeanika mahindi uani. Kazi yangu ni unga mweupe, ule wa mahindi ya kuloweka. Mahindi yanakwenda mashineni yanakobolewa, nayaloweka mpaka yalainike na kutoa ule uchachu wake, nayasuuza, nayaanika yakauke vizuri, ndipo yanarudi mashineni kusagwa. Ukiruka hatua moja unga unakuumbua kwenye sufuria, na wateja wangu hawana haya ya kuniambia.

Alishuka kwenye bodaboda, akaja, akaniamkia. Shikamoo yenyewe hata haikufika vizuri masikioni.

"Marahaba," nikamwambia. "Mbona shikamoo yako imelala njaa?"

Aliweka begi, akavuta kigoda, akaanza kufukuza kuku waliokuwa wanadonoa kwenye turubai. Nikajua kuna jambo, maana huyu mtoto hajawahi kufukuza kuku bila kutumwa.

"Sema, mke mwenzangu." Mimi na wajukuu zangu wa kike ndivyo tunavyoitana, ndio utani wetu. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Bibi. Wanataka kunitoa hesabu."

Akanieleza. Jaribio la kwanza la hesabu alikuwa ameanguka vibaya, yeye na wenzake kadhaa. Mwalimu wa taaluma amesema watalirudia siku watakayorudi shuleni. Atakayeanguka tena anahamishiwa masomo ya historia na lugha, kwa sababu kidato cha tano hakina muda wa kumsubiri mtu. Wazazi wafike siku hiyo hiyo, wakubaliane na shule.

"Na baba yako anasemaje?"

Akamkazia macho kuku mmoja. "Baba ameshakubali. Kwa simu."

Nilifuta mikono kwenye khanga, nikachukua simu, nikampigia. Alikuwa njiani, nasikia injini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umemkubalia nani nini?"

"Aa, Mama. Kumbe kameshafika hako katoto."

"Nimekuuliza."

"Mama, sikiliza. Mimi hesabu zilinipiga mpaka nikaikimbia shule, wewe si unajua? Sitaki zimpige na yeye. Lugha anaiweza, historia anaiweza. Akawe mwanasheria, avae joho, si sawa tu?"

"Anataka kupima reli."

"Reli imeshapimwa, Mama!"

"Itajengwa nyingine."

Akacheka, lakini kicheko cha mtu aliyechoka. Akasema siku hiyo ya jaribio atapita Mikumi na mzigo wa kwenda Tunduma, atasimama, ataongea na mwalimu, mambo yaishe. Nikamwambia na mimi nitakuwepo.

"Wewe uje kufanya nini, Mama?"

"Kukaa," nikamjibu, nikakata simu.

Kesho yake, tulipomaliza kuanika, nikamwambia alete hicho kinachomshinda. Akaleta kitabu. Kila kitu Kiingereza. Nikamwambia asinisomee, aniambie kwa Kiswahili kama anavyonieleza habari ya mtaani.

"Bibi, hutaelewa."

"Sijasema nitaelewa. Nimesema uniambie."

Akaanza kwa kuguna guna. Akasema kuna kitu kinaitwa fankisheni. Ni kama mashine. Kuna tundu linaitwa eksi, unatia namba pale, mashine inaifanya inavyoijua, inatoka namba nyingine upande wa pili. Hapo nilimfuata, maana mashine naijua. Halafu kuna polinomia. Hiyo ni eksi imezidishwa yenyewe kwa yenyewe, mara nyingine tena na tena, zile zote zikajumlishwa, nyingine zikatolewa, na namba kadhaa za kawaida zimening'inia mwishoni. Nikasema jina ni refu kuliko kazi. Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu afike.

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Mashine zikiwa mbili. Moja inaitwa efu, nyingine ji. Wanaziunganisha. Wanaandika efu, halafu mabano, ndani ji, halafu mabano tena, ndani eksi. Wanataka jibu linalotoka mwisho."

Akanionyesha moja kwenye karatasi. Mashine ya efu inachukua namba inaizidisha yenyewe kwa yenyewe kisha inatoa moja. Mashine ya ji inaongeza tatu, basi. Akaifanya mbele yangu. Alianza na efu, kilichotoka akakiongezea tatu, akapata eksi kipeo cha pili jumlisha mbili. Akafungua nyuma ya kitabu kwenye majibu. Jibu la kitabu lilikuwa refu, lina sita ndani yake na nane mwishoni. Halikufanana na lake hata kwa ndugu wa mbali.

"Yote yananitoka hivi," akasema. "Kila nikifanya, nakosa."

"Mbona ulianza na efu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza. "Bibi, si ndiye yuko mbele? Ji amewekwa ndani, amefunikwa na mabano. Wa mbele ndiye mkubwa. Mkubwa ndiye anaanza."

Hapo kwa kweli sikuona kosa lake. Nyumbani kwangu maji ya kunawa yanaanza kwa mkubwa. Salamu inaanza kwa mkubwa. Tukiingia kwenye nyumba ya watu, mdogo hatangulii. Nimemfundisha mwenyewe, na alipokosea nilimtandika kwa kandambili. Mtoto aliyelelewa hivyo, ukimwonyesha wawili wamesimama, mmoja mbele mmoja nyuma, unadhani atamwanzisha nani?

Nyumba ya pili kutoka kwangu amepanga binti mmoja, mwalimu wa sekondari, anafundisha hesabu na baiolojia. Watoto wanamwita Madam, nasi watu wazima tukaiga. Ni mteja wangu wa unga. Jioni ile alikuja na mfuko wake.

"Bibi, shikamoo. Unga upo?"

"Marahaba. Unga upo, ila leo hutoki hapa bila kufundisha."

Akacheka, akavua viatu, akakaa mkekani. Mjukuu wangu akamwonyesha. Madam hakuchukua muda. Alishika kalamu, akaizungushia duara ile eksi.

"Usiangalie nani ameandikwa mbele," akamwambia. "Angalia nani anamgusa eksi. Aliye karibu na eksi ndiye anaanza. Akimaliza, anachokitoa kinakwenda kwa yule wa nje. Na kikienda, kiende chote na mabano yake. Usikivunjevunje njiani. Eksi jumlisha tatu ni mzigo mmoja, efu anauzidisha wote kwa wote."

Akaifanya yote, ikatoka ile ile ya kitabu. Mtoto akaitikia, "Ndiyo, Madam. Nimeelewa, Madam." Madam akachukua unga wake akaenda.

Asubuhi nikamwambia afanye nyingine peke yake. Akaandika efu, mabano, ji. Akashika kalamu. Akaanza na efu.

"We!" nikamwambia.

Akajipiga paji la uso. Akafuta. Akafanya nyingine. Mkono ukaenda kwa efu tena, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Kanuni anaijua, mdomoni anaisema vizuri kabisa, lakini kalamu haisikii. Ilipofika ya tatu, machozi yakaanza kudondoka kwenye karatasi. Sipendi machozi kwenye kazi. Yanalowesha.

"Futa uso," nikamwambia. "Nijibu. Hapa nyumbani nani anaanza kula?"

"Wewe."

"Kwa sababu gani?"

"Wewe ndiye mkubwa."

"Na chakula changu huwa unaniletea nini? Unaniletea mahindi mabichi kwenye sinia?"

Akacheka kwa pua iliyojaa. "Nakuletea ugali, Bibi."

"Nani kaupika?"

"Mimi."

"Basi nani kaanza kazi? Mimi niliyekaa huku mbele, au wewe uliyekuwa jikoni na moshi wako?"

Akaitazama ile karatasi. Nikaona midomo inacheza bila sauti. Kisha akanyanyua kalamu polepole, akaiweka kwenye ji.

"Mkubwa haletewi mahindi mabichi," akasema, kwa sauti ya chini, si kwangu.

"Haletewi. Atakurushia sahani."

Akaifanya yote mpaka mwisho, akafungua nyuma ya kitabu. Akapiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Mimi nikataka uhakika wangu, maana kitabu nacho ni cha mtu. Nikachukua punje za mahindi. Nikamwambia tuanze na mbili. Ji akaongeza tatu, zikawa tano. Tukazipanga mistari mitano, kila mstari punje tano, nikatoa moja, zikabaki ishirini na nne. Halafu tukageuza, tukamwanzisha efu: mbili kwa mbili ni nne, toa moja tatu, ongeza tatu, sita. Punje ishirini na nne huku, sita kule, na mashine ni zile zile. Hapo na mimi nikaelewa ugomvi wake na mwalimu. Si kwamba hajui kuzidisha. Alikuwa anampa mkubwa mahindi mabichi.

Tangu hapo alifanya nyingi. Akikosea, ilikuwa kwa kuvunja mabano. Anachukua eksi jumlisha tatu, anaizidisha vipande vipande, eksi kwa eksi, tatu kwa tatu, anasahau kwamba eksi na tatu nao wanakutana pale katikati. Nilikuwa namsikia tu anajitukana mwenyewe, "Mjinga wewe, mabano!" nami huku nachambua.

Likazuka jingine. Kuna polinomia zinakuja na kipeo cha nne, hazifunguki kirahisi. Madam alikuwa ameshampa ujanja wake: ile eksi kipeo cha pili unaiondoa kwa muda, unaweka herufi nyingine mahali pake, wao wanaweka yu. Swali linakuwa jepesi, unalitatua. Mjukuu wangu alilitatua, akapata yu ni nne, au yu ni tisa, akapiga mstari chini mara mbili kwa fujo kama mtu aliyeshinda kesi. Madam alipokuja kuchukua unga akatazama.

"Nzuri. Jibu liko wapi?"

"Hilo hapo, Madam. Nne na tisa."

"Nani alikuuliza habari ya yu?"

Mtoto akageuza karatasi, akalitafuta swali.

"Swali lilisema tafuta eksi. Yu umemleta wewe mwenyewe. Mwalimu hamjui."

Nikaona na mimi niingie, nilikuwa nimechangamka na lile la ugali. Nikasema, "Ni kama mimi nikienda msibani, namwachia jirani ashike meza yangu ya unga. Nikirudi anainuka, nakaa mwenyewe. Jirani hahamii."

Madam akafikiri. "Karibu iwe hivyo, Bibi. Ila hapa jirani mmoja akiinuka, wanakaa wawili. Yu ikiwa nne, eksi ni mbili, au ni hasi mbili. Yu ikiwa tisa, eksi ni tatu, au hasi tatu. Majibu yote manne lazima yaandikwe."

"Meza moja, wenyewe wawili?"

"Ndiyo, Bibi. Kwa sababu hasi mbili mara hasi mbili nayo inatoa nne."

Nikamwambia hiyo si kweli. Akaeleza. Nikakataa. Mjukuu wangu akaeleza, nikakataa tena. Mpaka leo sijakubali, lakini niliona mtoto anaandika majibu manne bila wasiwasi, nikarudi kwenye mahindi yangu. Si lazima kila kitu kipite kwangu.

Siku ya kurudi shule tulipanda basi Kilosa kuelekea Mikumi. Vumbi lilikuwa la kutosha kupanda mihogo. Alikuwa amekaa dirishani, vidole vinaandika kwenye goti. Nikamwacha. Tulipofika Mikumi pale penye malori, nikaliona lori la baba yake kabla hata sijamwona mwenyewe, limeegeshwa nyuma ya mengine. Yeye alikuwa kibandani kwa mama lishe, mbele ya wali na maharage.

Mtoto akamwamkia. Baba yake akamshika kichwa, akamwambia apande bodaboda awahi, jaribio litaanza. Akaondoka. Tukabaki wawili.

"Umekonda," nikamwambia.

"Barabara, Mama." Akanisogezea kiti. "Mama, tusigombane mbele ya watu. Nimekuja kuongea na mwalimu. Nitamwambia amhamishe tu, hata bila jaribio. Kwa nini aaibike mara mbili?"

"Umemuuliza yeye?"

"Mtoto atajibu nini? Atasema ndiyo kwa kila kitu, anaogopa kukuangusha wewe. Unamtangaza Kimamba yote. Hata kondakta wa basi la Dumila anajua mwanangu anasoma hesabu."

Hilo liliniingia, sitasema uongo. Mama lishe alikuwa anaosha vyombo, akanitupia jicho, akaendelea kuosha.

"Inawezekana," nikasema. "Lakini mimi sikumwona yule mwanamke wa reli. Alimwona yeye. Subiri jaribio lisahihishwe. Akianguka, nitakuwa wa kwanza kumwambia abebe vitabu vya historia, na sitamlilia mtu."

"Mzigo unasubiriwa Tunduma."

"Mzigo hauna miguu."

Akasukuma sahani. Akamwita mama lishe amwekee chai. Nikajua atasubiri. Mwanangu huyu akishaagiza chai, ameshindwa.

Shuleni walitupokea vizuri. Mwalimu wa taaluma ni mwanaume wa makamo, mpole, aliniamkia kwa kuinama. Akatueleza yale yale, kwamba shule haina nia mbaya, ila mwanafunzi akibaki mahali asipopaweza anapoteza miaka miwili. Nikaona ni maneno ya mtu mzima, sikuwa na la kubishana naye. Wazazi wengine walikuwepo kwenye benchi, kila mtu na mguu wake unaotikisika. Alisema waliorudia ni wachache, kwa hiyo mwalimu wa hesabu atasahihisha hapo hapo, maana wengine tumetoka mbali.

Tulikaa. Mwanangu alitoka kuangalia simu, akarudi, akatoka tena. Mimi nilikaa kama nilivyoahidi.

Waliita mmoja mmoja. Mzazi wa kwanza alitoka na kijana wake hawasemeshani. Wa pili akatoka akicheka. Kisha tukaitwa sisi. Ofisini palikuwa na yule wa taaluma, na mwalimu wa hesabu mwenyewe, kijana tu, shati limeingizwa vizuri, chaki mpaka kwenye nyusi. Mjukuu wangu alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma.

"Amepanda sana," akasema yule wa hesabu. "Maswali ya kuunganisha fankisheni yote amepata. La kuweka yu amepata, na majibu manne yote ameyaandika. Mchoro wa polinomia ameuharibu, lakini alama zinafika."

Nilifungua mdomo, akaninyooshea kiganja kwa adabu.

"Mama, samahani. Kuna jambo. Kutoka kule alikokuwa mpaka hapa ni mbali, kwa likizo fupi. Wengine wanakariri. Ukibadilisha swali, wamekwisha. Nataka afanye moja hapa mbele yetu, tena aeleze."

Mwanangu akaniangalia. Mimi nikamwangalia mtoto. Shingo ilikuwa imekakamaa.

Kwenye ukuta kulikuwa na ubao mdogo. Mwalimu akaandika mashine zake, ndefu kuliko zote nilizoziona nyumbani, na safari hii hazikuwa mbili, zilikuwa tatu, moja ndani ya nyingine ndani ya nyingine. Herufi ya tatu sikuwahi kuisikia ikitajwa uani kwetu. Akampa chaki.

Nilitamani aseme habari ya ugali. Niliomba kabisa moyoni, sema ugali mwanangu, usisahau mkubwa. Hakusema. Alisimama akakitazama kile kitu kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, akaweka chaki chini ya eksi, kule ndani kabisa, halafu akaanza kuongea Kiingereza.

Aliongea taratibu. Anaandika, anaongea, anafungua mabano makubwa, anaweka mzigo wote ndani, anafunga. Hakukuwa na mahindi ndani yake, wala sinia, wala mimi. Sikuelewa hata neno moja isipokuwa eksi. Kuna mahali alisimama, akarudi nyuma mstari mmoja, akafuta kwa kiganja, akaandika upya. Mwalimu akamuuliza kitu kwa mkato, kama mtu anayemtega. Akajibu bila kugeuka, akaendelea.

Nikamsogelea mwanangu. "Anasema nini?"

"Sijui, Mama," akaninong'oneza. Alikuwa hapepesi macho. "Lakini hajakwama."

Alipofika mwisho akapiga mstari mmoja tu, akaweka chaki kwenye ukingo wa ubao. Mwalimu wa hesabu alisogea, akafuata kwa kidole mstari kwa mstari, akarudi juu, akafuata tena. Akamgeukia mwenzake, akaitikia kwa kichwa.

Yule wa taaluma akamwambia mwanangu, "Mzee, uamuzi sasa ni wenu. Sisi hatuna sababu ya kumwondoa. Ila mtihani wa muhula utakuja, na huo hautakuwa na benchi la wazazi."

Mwanangu alikuna kidevu. Nilimwona anatafuta neno, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mifuko yote. Hatimaye akamwuliza bintiye, si mwalimu wala mimi. Akamwuliza wewe mwenyewe unataka nini, na usimtazame Bibi.

Mtoto akanitazama kidogo, kisha akamtazama baba yake. "Nataka kubaki, Baba. Hata nikianguka huko mbele, nianguke kwenye hizi."

"Basi abaki," akasema.

Nilitaka kusimama nimkumbatie, nimsifu, nimwambie yule kijana wa chaki kwamba ukoo wetu si wa mchezo. Nilikuwa nimeshashika ukingo wa kiti. Lakini mtoto akawageukia walimu, akasema kipindi cha fizikia kimeanza, anaomba ruhusa. Wakamruhusu. Akapita mbele yetu haraka, chaki mikononi, akatoka mlangoni, na tukasikia viatu vyake vinakimbia kwenye kokoto.

"Hata kwaheri hakuna," mwanangu akasema.

"Mwache," nikamwambia. "Ana kazi."